Vitabu vitano vya likizo kutoka kibanda cha Wandegeya

Muhula wa pili unapokwisha, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere huteremka kwenda Wandegeya, mtaa wa Kampala ulio chini ya kilima cha chuo, wakiwa wamebeba magodoro, ndoo na masufuria. Mwaka huu mimi nilibeba na vitabu vitano, nilivyovinunua katika kibanda cha mitumba kilicho kwenye uchochoro nyuma ya wakaanga rolex, yaani chapati zilizoviringishwa na mayai. Nimevisoma nyumbani Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa miezi miwili, nimerudi Agosti na kuvirejesha baadhi yake, na sasa naona nina haki ya kukieleza kibanda hicho kwa kirefu, kwa mazuri yake na kwa kasoro zake. Jina sitalitaja, kwa sababu hakina bango na mwenyewe hapendi kutangazwa. Mwanafunzi akisimama penye harufu ya chapati na mayai na kuulizia mzee wa vitabu, ataonyeshwa.

Kibanda chenyewe ni mabati na turubai tu. Vitabu vimepangwa migongo ikitazama nje, kuanzia kwenye mbao za chini hadi pale mkono wa mtu mrefu unapofika, na mbele yake pana vigoda vitatu. Vigoda hivyo ndivyo vilivyonifanya niandike. Mteja huruhusiwa kuketi na kusoma sura ya kwanza nzima kabla hata ya kuuliza bei, wala hakuna anayemkoholea ili aondoke. Nilipoketi mara ya kwanza nikiwa na kitabu kinene mkononi, mzee hakuniuliza nasomea nini chuoni wala napenda hadithi za aina gani. Alisema tu, “Ssebo (bwana, kwa Kiganda), hicho utakisomea wapi?” Nilidhani ni udadisi wa mzee aliyechoka kukaa peke yake. Nilipomjibu kwamba nakwenda nyumbani Arua, akaendelea: nitakisoma ndani ya basi, sokoni, au usiku kwa taa? Nani atakuwa karibu yangu? Nitaweza kukaa saa mbili bila kuitwa?

Nimesoma makala nyingi zinazomshauri mwanafunzi achague vitabu vya likizo kwa kufuata mada anayoipenda, au kwa kufuata orodha ya wahadhiri, lakini sijawahi kuona ushauri uliokuwa na manufaa kwangu kama maswali hayo. Likizo ya mwanafunzi wa Uganda si muda mtupu unaongoja kujazwa. Ni miezi ya kupalilia karanga, kumsaidia mama kwenye meza yake ya soko, kwenda matanga, kufundisha wadogo hesabu na kuitwa kila baada ya dakika kumi. Kitabu kinachohitaji mtu atulie asubuhi nzima kinaweza kuwa kizuri kupita vyote, na bado kikarudi chuoni kikiwa na alama ya kusomea kwenye ukurasa wa 12. Kwa hiyo nilinunua kwa kufuata mahali pa kusomea, kitabu kimoja kwa kila mahali, isipokuwa kimoja nilichokinunua kwa ubishi wangu mwenyewe, nacho nitakieleza.

Kanuni ya kurejesha ni nyepesi. Kitabu cha mtumba kikirudi ndani ya siku 90, kikiwa na kurasa zote, mzee hukipokea kwa nusu ya bei uliyokinunulia. Hatoi fedha taslimu, bali huandika kiasi hicho katika daftari lake, nawe unakitumia kununulia vitabu vingine. Vitabu vipya vichache alivyo navyo havimo katika mpango huo. Mimi nililipa shilingi 78,000 kwa vitabu vyote vitano, na kati ya hizo 35,000 zilikwenda kwa kitabu kimoja kipya.

Ili haki itendeke, lazima niseme kwamba Wandegeya si mahali pa kila mtu. Anayetaka kitabu kilichotoka mwaka huu aende Aristoc, Barabara ya Kampala, na anayewatafuta waandishi wanawake wa Uganda aende Femrite, kwenye Barabara ya Kira huko Kamwokya, ambako atapata katika chumba kimoja majina ambayo kwa mzee wangu huja moja baada ya miezi sita. Nilipita pia katika duka jingine kubwa la katikati ya jiji, ambalo silitaji, nikakuta kila riwaya imefungwa kwa nailoni kama mkate, na kijana wa zamu akanieleza kwa upole kwamba nailoni hufunguliwa baada ya malipo. Ninaelewa kwamba wanazilinda kurasa na vidole vyetu. Hata hivyo, sijui mtu anayenunua shati bila kulijaribu begani, na shati halina sura ya kwanza.

Kwa upande wa mitumba, hatari yake iko mwilini mwa kitabu, na hapa mnunuzi asione haya kukagua. Kitabu cha kiwandani huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kuwa vifurushi vidogo, mara nyingi vya kurasa 16, kisha vifurushi hivyo hushonwa au kugandishwa kwa gundi mgongoni. Gundi ikizeeka huweza kuanguka si karatasi moja tu bali kifurushi kizima, na msomaji hutambua hasara akiwa njiani, mbali na duka. Kifungue kitabu katikati, kiache kilale wazi juu ya goti, kisha pitisha kidole kwenye namba za kurasa. Kinuse pia, maana kitabu kilicholala kwenye unyevu huambukiza ukungu kwa jirani zake ndani ya begi. Mwisho tazama kama maandishi yamekaa wima, kwa sababu mjini zinazunguka fotokopi zilizovalishwa jalada la rangi, ambamo mistari imepinda na herufi za mwisho zimemezwa na mshono. Mzee anasema hauzi nakala za namna hiyo. Nami sikuiona hata moja kwake, ila niliona mbili kwa jirani yake zikiuzwa kwa bei ya kitabu halali.

Mimi mwenyewe, pamoja na ujuzi wote huo ninaojisifu nao sasa, sikukagua. Riwaya ya Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi, niliyoilipia shilingi 20,000, haikuwa na kurasa za 97 hadi 112. Nilijua nikiwa ndani ya basi la Arua, nimeshavuka mto Kafu.

Kabla ya kuingia kwenye vitabu vyenyewe, kuna kasoro kubwa zaidi, nayo ni sanduku la Kiswahili. Nalisema sanduku kwa kuwa si rafu: ni katoni ya sabuni iliyowekwa chini, pembeni, karibu na majarida ya zamani ya mitindo. Mwezi wa Juni nilihesabu humo vitabu 11. Saba vilikuwa miongozo ya mitihani, yaani vijitabu vinavyomweleza mwanafunzi dhamira na wahusika wa riwaya ambayo yenyewe haimo sandukuni. Vingine vilikuwa kamusi iliyopoteza herufi A, Kitabu cha Nyimbo, na riwaya mbili. Nilimlalamikia mzee, naye akanijibu kwamba wanafunzi hununua Kiswahili mwezi wa mtihani tu, na kwamba yeye hauzi anachokipenda bali kinachoondoka.

Ni jibu la haki la mfanyabiashara, lakini liliniuma zaidi kwa sababu ya mahali tulipokuwa tumesimama. Mwezi wa Juni 1962, juu ya kilima hichohicho cha Makerere, walikutana waandishi wa Kiafrika ambao leo tunawasoma kama mababa wa fasihi: Chinua Achebe, Wole Soyinka, na kijana mwanafunzi wa chuo hicho aliyekuwa akiitwa James Ngugi, ambaye baadaye alijiita Ngũgĩ wa Thiong'o. Mkutano ule ulikuwa wa waandishi wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekuwa ameandika mashairi, tenzi na riwaya kwa miaka mingi katika nchi jirani, hakuwa na nafasi kwa kipimo hicho, na Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulikosoa jambo hilo baadaye. Katika mwezi uleule wa Juni 1962 Shaaban Robert alifariki dunia. Zaidi ya miaka 60 imepita, Kiswahili kimekwisha kutajwa katika Katiba yetu kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na chini ya kilima kile bado kimo ndani ya katoni ya sabuni.

Riwaya mojawapo kati ya zile mbili za sandukuni ilikuwa Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1951, na niliichukua kwa shilingi 5,000.

Sasa vitabu, na mahali vilipofanyia kazi.

Kintu kilikuwa cha basi. Basi la Arua huondoka Arua Park, kituo cha mabasi cha hapa Kampala, likapanda Wandegeya, likashika Barabara ya Bombo na kupita Bwaise na Kawempe, na msongamano wa asubuhi hapo hukupa muda wa kusoma sura nzima bila gari kusogea hatua mia. Sikuwa nimepanga, lakini riwaya hiyo inaanza Bwaise, Januari 2004, kwa mtu anayeitwa Kamu Kintu kutolewa nyumbani kwake na kuuawa na umati wa watu. Niliyasoma hayo nikiwa nimekaa dirishani, Bwaise ikiwa nje ya kioo na wauza maji ya chupa wakigonga bati la basi. Kisha masimulizi yanarudi nyuma hadi mwaka 1750, kwa gavana wa Buddu, jimbo la ufalme wa Buganda, anayesafiri kwenda kumwamkia Kabaka, yaani mfalme, mpya, na njiani linatendeka kosa linalowafuata wajukuu wa wajukuu. Kwa safari ya karibu kilomita 500 sijui kitabu kilicho bora kuliko hiki, kwa sababu ni kirefu, kimegawanywa katika vitabu vidogo ndani yake, na msomaji akisinzia hadi Karuma ataamka na kumkuta mhusika mwingine anayeanza upya. Kasoro yake kwa msafiri ni wingi wa majina ya ukoo. Nililazimika kuchora mti wa familia nyuma ya tiketi.

Kuhusu kurasa 16 zilizokosekana, binamu yangu aliyebaki Kampala alikwenda maktabani, akazisoma, kisha akanisimulia kwa sauti kwenye WhatsApp, akiongeza maoni yake ambayo mwandishi hakuyaandika. Sehemu hiyo ya riwaya itabaki kwangu na sauti ya binamu.

Song of Lawino ya Okot p'Bitek kilikuwa kitabu cha sokoni. Mama ana meza ya maharage na simsim, na anayekaa mezani hawezi kusoma kitu kinachodai uangalifu usiokatika. Utenzi huo, uliotungwa kwanza kwa Kiacholi na kutoka kwa Kiingereza mwaka 1966, umegawanyika katika sehemu fupi, na Lawino analalamika kama watu wanavyolalamika sokoni, kwa mafungu, akipumua, akirudia. Unamwacha akimsema mume wake Ocol na yule mwanamke Clementine aliyejipaka poda, unapima kilo mbili za maharage, unarudi na kumkuta bado amekasirika palepale. Jirani yetu wa samaki ni Mwaluri kutoka Pakwach. Nilipomtafsiria kwa Kiswahili ile methali ya boga lisilong'olewa katika boma la zamani, aliimalizia kwa lugha yake kabla sijafika mwisho, akaniuliza kwa nini nimelipa fedha kununua maneno ya bibi yake. Ninakiri pia kwamba kuna ladha ya pekee katika kusoma, kama mwanafunzi wa chuo, kitabu ambamo mke anaeleza jinsi vitabu vilivyomharibu mume wake. Kwa shilingi 8,000 na kwa jumla ya siku nne, kilikuwa ununuzi nafuu kuliko vyote.

Usiku ulikuwa wa Peponi, na juu ya kitabu hiki nitakaa kidogo. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, kikafika katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker, na mwaka 2021 yeye mwenyewe akapewa Tuzo ya Nobeli ya fasihi. Ida Hadjivayanis amekitafsiri kwa Kiswahili, na tafsiri hiyo ilitolewa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2022. Mzee alikuwa na nakala moja, mpya, iliyoletwa na mtu wa basi la Dar, naye aliitunza juu kabisa, mbali na katoni ya sabuni. Nililazimika kusimama juu ya kigoda.

Ni hadithi ya Yusuf, mtoto wa miaka 12, anayechukuliwa na mfanyabiashara anayemwita Ami Aziz, asijue kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Anaingia katika duka, katika bustani iliyozungushiwa ukuta, na hatimaye katika msafara wa biashara unaokwenda bara, wakati Wajerumani wanaanza kuishika nchi. Niliisoma kwa sauti kila usiku, kwa taa ya sola, kwa sababu bibi yangu haoni tena maandishi. Bibi alijifunza Kiswahili chake sokoni na kwa majirani Wanubi wa mtaa wa Oli, Kiswahili kisichojali sana ngeli, na nilihofu kwamba lugha ya pwani ingemchosha. Haikumchosha. Palipokuwa na neno asilolijua alinisimamisha, tukalibishania, tukaendelea. Alipotambua kabla yangu kwamba mtoto ni rehani, alinyamaza kwa muda, kisha akasema habari za watoto waliochukuliwa namna hiyo alizisikia utotoni, kwa njia nyingine na kwa lugha nyingine, na akanitaka nisome tena ukurasa uleule.

Hapo ndipo nilipoona kile ambacho toleo la Kiingereza, nililolisoma mwaka wa kwanza kwa ajili ya mtihani, lisingeweza kunipa nyumbani kwetu. Mazungumzo ya wachukuzi na wafanyabiashara, ambayo kwa Kiingereza niliyasoma kama mambo ya watu wa mbali, kwa Kiswahili yanasikika kama yamerudi kinywani mwa walioyasema. Kuna mahali sentensi inakuwa ndefu na nzito kuliko pumzi ya msomaji wa sauti, nami nilijikwaa mara kadhaa. Hilo ni jambo dogo kwa kazi ya ukubwa huo. Shilingi 35,000 ni fedha nyingi kwa mwanafunzi. Ni nauli ya safari nyingi za bodaboda. Kama ningeambiwa nichague kimoja kati ya vitano, ningelipa tena.

Kusadikika nilikinunua kwa ajili yangu na kikachukuliwa na mdogo wangu wa kidato cha tatu. Ni kifupi, na kesi ya Karama mbele ya mfalme wa nchi iliyo angani, huku waziri Majivuno akimshitaki kwa kuleta elimu ya sheria, inamfaa kijana anayependa mabishano. Alikisoma mara mbili, na kwa wiki nzima kila aliyemkosea pale nyumbani aliitwa Majivuno.

Kitabu cha tano kilikuwa cha mafanikio ya biashara, chenye jalada la dhahabu na mwandishi aliyekunja mikono. Mzee aliniuliza nitakisomea wapi, nikamjibu kwa kiburi kwamba popote. Alinitazama, akapokea shilingi 10,000, akanyamaza. Nilifika ukurasa wa 31. Kila sura ilikuwa inasema ile iliyotangulia kwa herufi kubwa zaidi.

Agosti nilirudi Wandegeya na vitabu vitatu. Nilimwonyesha mzee pengo la kurasa katika Kintu, nikitarajia mabishano, kwa kuwa kanuni yake yadai kurasa zote na mtu angeweza kunishuku kwamba nimezipoteza mwenyewe. Aliugeuza mgongo wa kitabu kwenye mwanga, akaiona gundi iliyokauka tangu zamani, akasema kosa ni lake la kutokagua, na akaniandikia bei yote, shilingi 20,000, badala ya nusu. Kwa Lawino aliandika 4,000, ingawa jalada lilikuwa na doa la samaki. Kwa kile cha dhahabu aliandika 5,000 na kukirudisha palepale kilipokuwa, uso wa mwandishi ukitazama njia. Peponi sikukirejesha, na Kusadikika sikuruhusiwa kukitoa nyumbani.

Nina shilingi 29,000 katika daftari lake. Katoni ya sabuni sasa ina vitabu 14, na miongozo ni saba ileile. Kati ya vilivyoongezeka kimo Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, jalada limechanika lakini kurasa zote zimo, nilizihesabu, na nimemwomba aniwekee hadi Disemba. Kibanda hufunguliwa kuanzia saa tatu asubuhi hadi giza liingie, isipokuwa Jumapili na siku za mvua kubwa, ambazo turubai huteremshwa na vigoda kuingizwa ndani.